Ukibadili Matairi, Pima na Difu

Wenye Land Cruiser 80 wengi, wawe Arusha au Nairobi, hufika mahali pamoja. Springi zimeshapandishwa, matairi ya kiwandani yamekwisha, na macho yameangukia yale ya inchi 35. Swali la kwanza kwa muuza matairi huwa bei, la pili kama yatagusa madigadi. Lipo la tatu, ambalo aghalabu huulizwa gari likiwa limeshaanza kugoma mlimani: je, sasa nibadilishe meno ya difu?

Mimi ningependa swali hilo liulizwe kwanza, kabla hata pesa haijatoka mfukoni. Gharama ya tairi kubwa haiishii kwenye tairi. Mara nyingi difu mbili zimo ndani yake, na asiyezihesabu mapema atakuja kuzilipia kwa klachi, kwa breki au kwa mafuta.

Difu inagawa nini

Land Cruiser 80 nyingi zilitoka kiwandani na uwiano wa difu wa 4.10. Maana yake ni kwamba krauni ina meno 41 na pinioni ina meno 10, kwa hiyo propela huzunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Uwiano huo ulichaguliwa kwa kuangalia uzito wa gari, nguvu ya injini na kimo cha tairi. Ukibadili kimo cha tairi, umegusa hesabu yote hata kama hukufungua boliti moja ya difu.

Tairi kubwa hupita ardhi nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na nguvu ya kusukuma inayofika barabarani hupungua kwa kiasi hichohicho. Mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la mkaa anaijua hali hii: gia ndefu tambarare ni raha, lakini kwenye kilima miguu inakataa.

Tuiweke kwenye namba. Tairi la kiwandani la 275/70R16 lina upana wa milimita 275, na ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 192.5. Ubavu upo juu na chini, kwa hiyo 385. Ongeza rimu ya inchi 16, ambayo ni milimita 406, upate kimo cha 791. Fanya vivyo hivyo kwa 315/75R16, ambalo ndilo watu huliita inchi 35, utapata 879. Gawa 879 kwa 791: 1.11. Tairi limekua kwa asilimia 11, na difu yako ya 4.10 sasa inafanya kazi kana kwamba ni ya 3.69.

Faida ipo, na ni ya kweli. Kimo kimeongezeka milimita 88, kwa hiyo tumbo la difu limepanda milimita 44 kutoka ardhini. Springi ndefu huinua bodi, lakini haziinui difu hata kidogo, kwa sababu ekseli imekaa juu ya magurudumu. Anayepita kwenye mawe na mitaro iliyochimbwa na malori anajua thamani ya sentimita hizo nne.

Asilimia 11 inaonekana wapi

Chukua Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na tabo. Injini hii huvuta vizuri kuliko popote ikiwa kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika. Katika gia ya nne, ambapo propela huzunguka sawa na injini, gari lenye matairi ya kiwandani likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linaiweka injini kwenye 2,199. Yaani limekaa palepale penye nguvu. Funga 315 bila kugusa difu, kwa mwendo uleule injini inashuka hadi 1,980. Kwenye tambarare utafurahia ukimya wake. Ukianza kupanda, gia ya tano inakuwa ya mapambo, ya nne inachoka mapema, nawe unarudi ya tatu mahali ambapo zamani ulipita bila kugusa gia.

Kwetu huku kuna jambo lingine, nalo ni mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na pale injini imeshaacha njiani zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake. Ukiondoa tena sehemu iliyochukuliwa na matairi, kinachosukuma gari katika gia ileile ni kama asilimia 70 ya kile ambacho gari hilohilo, likiwa na matairi yake ya asili, lingekuwa nacho Dar es Salaam. Pakia abiria, mizigo na tanki la pili la mafuta, uone klachi inavyonuka kwenye kila tuta.

Kushuka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Katika mlima wa Kitonga, au barabara inayoteremka Mai Mahiu, dereva mwenye akili huliachia gari kwenye gia ili injini ilizuie. Kwa tairi lililokua asilimia 11, kizuizi hicho nacho kimepungua. Gari linakimbia zaidi kwa kila mzunguko wa injini, mguu unaenda kwenye breki mara nyingi zaidi, na breki zinapata moto. Breki zenyewe sasa zinashindana na gurudumu refu na zito zaidi. Kurekebisha difu hurudisha kizuizi cha injini. Uzito na urefu wa gurudumu utabaki, kwa hiyo pedi, diski na mafuta ya breki vikaguliwe siku hiyohiyo ya kufunga matairi.

Kisha kuna saa ya mwendo. Katika gari hili mwendo husomwa kwenye transfa, kabla ya difu. Saa ikikuonyesha 80, wewe uko karibu na 89. Ikikuonyesha 50 mjini, uko 55 na ushei, na askari mwenye tochi hatasoma saa yako. Kilomita nazo husomeka pungufu, ndiyo maana wengi hulalamika gari limeanza kunywa mafuta kupita kiasi. Kabla ya kulalamika, zidisha kilomita ulizosoma kwa 1.11, ndipo ugawe kwa lita.

Lini uache, lini ubadilishe

Kwanza jua difu iliyomo. Gari lililopita mikono mingi huenda lilishabadilishwa. Egesha mahali pa tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, gia huru, handibreki imeshushwa, kisha inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Zungusha gurudumu mara kumi kamili huku mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka mara 20 na nusu, una 4.10. Ikifika 21 na nusu, ni 4.30. Ikikaribia 23, kuna mtu alishaweka 4.56. Kipimo hiki hufanya kazi kwa difu ya kawaida, isiyo na loki iliyofungwa.

Pima pia tairi lenyewe, maana namba za ubavuni ni za karatasi. Chora chaki kwenye tairi na chini, sogeza gari mpaka alama irudi chini, pima umbali kwa tepu. Pima la zamani na jipya, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, ugawe.

Ukikuta tairi limekua chini ya asilimia 5, acha difu ilivyo. Tofauti utaizoea ndani ya wiki.

Kati ya 5 na 8, kazi ya gari ndiyo iamue. Mfano mzuri ni 285/75R16, lenye kimo cha milimita 834, ambalo limezidi la kiwandani kwa asilimia 5.4. Kwa gari linalozunguka pwani, au lenye injini ya tabo, 4.10 inatosha kabisa. Kwa gari la watalii lisilo na tabo linalopanda Ngorongoro kila wiki likiwa limejaa, fikiria kubadili, hasa kama difu inafunguliwa kwa sababu nyingine.

Ikizidi 10 na injini haina tabo, badilisha. Uwiano unaotakiwa ni rahisi kuupata: zidisha ulionao kwa ukuaji wa tairi. 4.10 mara 1.11 ni 4.55, na sokoni ipo seti ya 4.56, meno 41 kwa 9. Ukiifunga, kwenye kilomita 80 katika gia ya nne injini inarudi 2,202, karibu sawa na ilivyotoka kiwandani, na saa ya mwendo inasema kweli tena.

Wengine huruka hadi 4.88, meno 39 kwa 8. Ina maana kwa gari lililobeba hema la juu, winchi, bampa ya chuma na mafuta ya safari ndefu, kwa sababu inafidia tairi na sehemu ya uzito. Gharama yake ni injini kuzunguka 2,357 kwa mwendo uleule, kelele zaidi kwenye lami, na pinioni ndogo zaidi. Kumbuka hilo la mwisho. Kadiri namba ya uwiano inavyopanda, pinioni hupungua meno na unene, na difu ya mbele ya Land Cruiser 80 tayari ni ndogo, inchi 8 dhidi ya 9.5 ya nyuma. Mwenye kupenda kuruka mawe kwa kasi asiende 4.88 bila kulifikiria hilo.

Fundi na kazi yenyewe

Difu hubadilishwa zote mbili, kwa pamoja. Land Cruiser 80 nyingi huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Mbele ikiwa 4.10 na nyuma 4.56, propela mbili zitazunguka kwa kasi tofauti wakati wote, na ukifunga loki ya katikati kitu kitavunjika. Agiza seti ya mbele kwa jina lake, kwa kuwa meno yake yamekatwa kinyume na ya nyuma.

Kazi hii inahitaji mkono wa fundi anayepima. Nafasi kati ya jino la krauni na jino la pinioni haifiki robo ya milimita, na husomwa kwa geji ya mshale, haikadiriwi kwa kutikisa mkono. Kina cha pinioni huonekana kwa kupaka meno rangi ya alama, kuzungusha, kisha kutazama rangi imefutika wapi: alama nzuri hukaa katikati ya jino, haipandi kileleni wala kuzama shinani. Mwombe akuonyeshe alama hiyo kabla hajafunga kifuniko. Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kukuonyesha. Beringi mpya na sili mpya ziwe sehemu ya bei.

Baada ya hapo, safari za kwanza ziwe fupi, bila kuvuta tela, na difu ipewe muda wa kupoa kati ya moja na nyingine. Zikifika kilomita 800 hivi, mwaga oili, uone kama kuna chembe za chuma, tia mpya. Mlio wa kuimba unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta ni dalili kwamba vipimo si sahihi. Rudi kwa fundi siku hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, keti na karatasi: kimo cha tairi la sasa, kimo cha unalolitaka, uwiano wa difu, mzigo wa kawaida, milima unayoipanda. Jumlisha bei ya matairi matano, seti mbili za krauni na pinioni, beringi, oili na fundi. Jumla hiyo ikikubali, funga 315 na 4.56 kwa pamoja na ufurahie gari. Isipokubali, nunua 285, acha difu ya kiwandani, na pesa iliyobaki ipeleke kwenye breki. Ninachokataa ni njia ya katikati: tairi la inchi 35 juu ya difu ya 4.10, gari limejaa watu, linateremka Kitonga kwa kutegemea pedi peke yake.