Tanzania: Kitabu kipi kinamfaa anayejisomea fizikia?

Nchini Tanzania, mtu aliye nje ya shule anaweza kufanya mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anayechagua somo la fizikia hukutana mapema na swali ambalo hana mwalimu wa kumjibu: anunue kitabu kipi? Akikosea, hupoteza fedha, na pengine mwaka mzima.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mtaala. Tanzania ilianza kutekeleza mtaala mpya kwa awamu mwaka 2024. Kwa hiyo kitabu cha zamani chaweza kuwa kizuri na bado kisilingane na mtihani. Kabla ya kulipa, mnunuzi hana budi kulinganisha orodha ya mada na fomati inayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania husomeka pia katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo.

Jambo la pili ni kiwango cha hisabati. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, hutoa vitabu vya fizikia bila malipo kwenye intaneti. Kile kiitwacho College Physics hutumia aljebra na trigonometria, ilhali University Physics humtaka msomaji ajue kalkulasi. Vyote ni vya utangulizi, lakini anayeanza na cha pili bila msingi huo hukwama katika kurasa za mwanzo, akadhani kwamba hana akili ya sayansi.

Jambo la tatu ni lugha. Shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Katika mazungumzo ya kila siku, neno moja la Kiswahili, nguvu, hubeba dhana tatu ambazo fizikia huzitenganisha: kani inayosukuma kitu, nishati iliyomo, na kasi ya kuitumia nishati hiyo. Kitabu kinachofaa hufafanua kila istilahi kabla ya kuitumia.

La mwisho ni mazoezi. Anayejisomea hana wa kumsahihishia, hivyo kitabu kisicho na majibu humwacha gizani.

Kipimo chepesi ni kufungua sura ya kani na kusoma mfano mmoja, kwa mfano gari la kilo 1,000 linalosukumwa na kani ya nyutoni 2,000. Kisha msomaji afunike jibu na kukokotoa mwenyewe. Akipata mchapuko wa mita 2 kwa sekunde mraba, na akaweza kueleza sababu yake, kitabu hicho kinamfaa. Akishindwa hata baada ya kurudia maelezo, atafute chepesi zaidi, hata kama kile cha kwanza kinasifiwa na wengi.