Kutoka Likasi Mpaka Mchanga wa Bahari

Watoto wa Likasi na wa upande wa Shinkolobwe wanajua maji. Wanajua mto Lufira, na ziwa la Tshangalele lililofanyika mto ule ulipozibwa kwa ukuta pale Mwadingusha. Ziwa hilo hujaa wakati wa mvua, hupungua wakati wa kiangazi. Lakini bahari hujaa na kupungua mara mbili kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe. Jambo hilo humshangaza sana mtu wa Katanga anayefika pwani mara ya kwanza. Tena laweza kumdhuru, asipoambiwa mapema.

Njia ya kwenda baharini si ngeni kwa watu wa Likasi. Kila siku malori ya shaba hupita kuelekea Lubumbashi, kisha huvuka mpaka pale Kasumbalesa na kuingia Zambia. Mengi huenda Dar es Salaam, katika nchi ya Tanzania. Hupita Nakonde na Tunduma, halafu Mbeya, Iringa na Morogoro. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 2,000. Msafiri wa basi hushika njia ile ile, naye huwa na siku nyingi za kutazama dirishani.

Mabasi yatokayo upande huo huishia Mbezi, katika kituo kikubwa kilichofunguliwa mwaka 2021. Mgeni hushuka na mzigo wake, hutazama huku na huku, na kuuliza: "Bahari iko wapi?" Haionekani. Bado kiasi cha kilomita 20 kufika katikati ya mji. Husogea kidogo mpaka Kimara, na huko hupanda mabasi marefu yaitwayo mwendokasi. Mabasi haya yalianza mwaka 2016. Yana njia yao peke yao katikati ya barabara, kwa hiyo hayangoji nyuma ya magari mengine. Mwisho wa njia hiyo ni Kivukoni.

Hapo Kivukoni mgeni huona maji ya chumvi. Karibu na hapo limesimama kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa tangu mwaka 1897 mpaka 1902, na mnara wake watazama bandari. Lakini asivue viatu bado! Hii ni bandari, si pwani ya kuogelea. Meli kubwa huingia na kutoka, na ng'ambo ya barabara ni soko la samaki la Feri, penye kelele na magamba tangu alfajiri. Bahari imeingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, halafu imepanuka kama mfuko. Ndiyo sababu meli hutulia vizuri humo. Mchanga wa kuogelea uko nje ya mlango huo, kusini na kaskazini.

Anayekwenda kusini huvuka mpaka Kigamboni. Toka Kivukoni mtu aona nyumba za Kigamboni wazi kabisa, lakini maji yako katikati. Chombo cha kuvusha ni kivuko, ambacho wenyeji hukiita pantoni. Abiria hulipa nauli ndogo na kungoja ndani ya banda. Mlango ukifunguliwa, watu wote hutoka pamoja: wafanyakazi, wanafunzi, mama wenye ndoo za samaki, vijana wenye baiskeli. Magari huingia kwa zamu. Kuvuka ni dakika chache tu. Kungoja ndiko kurefu, hasa asubuhi na jioni. Mgeni mwenye busara hashindani na watu mlangoni wala hasimami ukingoni mwa chombo. Akikosa safari moja, hungoja nyingine.

Zamani gari lisilotaka kungoja pantoni lilizunguka mbali sana kwa kupitia Kongowe. Mwezi wa nne mwaka 2016 lilifunguliwa daraja la Kigamboni, lililopewa jina la Nyerere. Lina urefu wa meta 680, nalo huvuka mkono wa bahari upande wa Kurasini. Magari hulipa ushuru wa kupita. Hata hivyo pantoni haikukosa watu, kwa maana atembeaye kwa miguu kutoka Kivukoni huona daraja liko mbali naye. Akiisha kuvuka hupanda daladala au bajaji kwenda Mjimwema na mbele zaidi, mahali penye mchanga mweupe na minazi.

Anayekwenda kaskazini hafuati pantoni. Huenda Oyster Bay, kwenye pwani iitwayo Coco. Kwa miaka mingi magari ya upande huo yalibanana katika daraja la Selander. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo, ambalo limepita juu ya maji ya bahari yenyewe na kushuka karibu na Coco.

Coco ndiyo pwani ya watu wote. Haina lango wala tiketi. Siku ya Dominika, baada ya Misa, jamaa nzima hufika na watoto wao. Wengine huja kwa miguu, wengine kwa daladala. Wauzaji hukaanga mihogo na kuitia pilipili, na mihogo hiyo ina sifa mji mzima. Mtu wa Likasi, ambaye amekula bukari ya muhogo tangu utoto, huenda atacheka kwamba amesafiri siku zote hizo kuletewa muhogo tena!

Lakini Coco ina mawe makali ya matumbawe, na hapo ndipo mgeni apaswa kujua saa za bahari. Maji yakijaa, mawimbi hupiga mawe na mchanga hubaki kidogo. Kisha maji huanza kurudi nyuma. Wenyeji husema yanakupwa. Yakianza kupwa saa mbili asubuhi, hufika chini kabisa kiasi cha saa nane mchana. Halafu huanza kurudi. Kesho yake saa hizo huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa sababu bahari hufuata mwezi, haifuati jua peke yake. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ni bamvua. Siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, yaani kupita kimo cha mlango wa nyumba. Katikati ya siku hizo ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali.

Basi mgeni aonapo bahari imekupwa hudhani ni kiwanja. Hutembea mbali juu ya mawe, akiokota makombe na kutazama kaa. Nyuma yake maji hujaza kwanza mahali palipo chini, kimya kimya, na njia aliyopita hukatika. Watu wamekufa maji pale Coco, hata siku za sikukuu, na mara nyingine polisi wamekataza kuogelea siku hizo. Wavuvi hawashikwi namna hiyo. Kabla ya kwenda mbali huuliza mwezi una siku ngapi.

Mbele ya Coco, mpaka Mbezi Beach na Kunduchi, mchanga ni mzuri zaidi, lakini kufika ni shida ya namna nyingine. Barabara iko karibu, bahari yasikika, na katikati kuna ukuta wa nyumba au wa hoteli. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kujenga au kufanya kazi ya kudumu katika meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Walakini mtu asiye na fedha za kuingia hotelini hutafuta kichochoro, na vichochoro hivyo si vingi. Kwa hiyo watu wengi wa mji waliipenda Coco hata na mawe yake.

Kunduchi pia hutoka mashua za kwenda kisiwa cha Mbudya, na Msasani hutoka za kwenda Bongoyo. Visiwa hivi vimehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1975, na kila aingiaye hulipa. Mgeni wa nchi nyingine, kama Mkongo, hulipa zaidi kuliko mwenyeji. Mwenye mashua hutaja saa ya kurudi kabla ya kung'oa nanga, na abiria wote humsikiliza, kwa maana jioni upepo huongezeka.

Upande wa Kigamboni, Dominika jioni, watu wote hutaka kurudi mjini kwa wakati mmoja. Banda la pantoni hujaa mpaka nje. Watoto hulala mabegani mwa baba zao, nywele zao zingali na mchanga, na taa za meli huanza kuwaka ng'ambo ya maji.