Mtoto Avae Nini Siku ya Kwanza ya Bale?

Wengine mutacheka: bale inatuhusu nini sisi? Lakini yaya yangu anayekaa Bruxelles ameandika kwamba binti yake wa miaka 5 anaanza masomo hayo, na feza ni kidogo. Nikatafuta, na hii ndiyo jibu.

Kwanza, nguo ifuate mwili: mayo, ao kaptula na triko ya kubana. Si kwa kujionyesha. Mwalimu lazima aone magoti na mugongo. Ndani ya robe kubwa ataona nini?

Pili, viatu viwe vyororo, vya ngozi ao kitambaa, vyenye lastiki. Usinunue vikubwa ili akue ndani yake: vitamuangusha. Soksi tupu zinateleza. Heri miguu mitupu, kama mwalimu anakubali. Viatu vya kusimamia ncha ya vidole, hapana! Mifupa ingali michanga. Vingojee karibu miaka 11 ao 12.

Tatu, nywele zifungwe, herini zibaki nyumbani.

Na rangi ya pinki si amri. Kule Harlem, Marekani, kundi walilolianzisha Arthur Mitchell na Karel Shook mwaka 1969 lilikuja kuvaa soksi ndefu na viatu vya rangi ya ngozi yao. Mwaka 2020 watu wengi duniani waliona kijana mudogo wa Lagos akicheza bale pekupeku katika mvua.

Basi yaya, uliza mwalimu kwanza, ndipo ununue. Mtoto asibaki mlangoni juu ya kiatu.