Vijidudu vya Maji ya Mkonge

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha singa, singa zinazopatikana ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wake. Nyama ya jani na utomvu hutoka na maji ya kuoshea, na kwa miongo mingi mashamba mengi ya Tanga yaliuacha uchafu huo ufuate mtaro hadi mtoni.

Utomvu huo una sukari nyingi, na bakteria hawalazi damu. Huila sukari, na kadiri wanavyokula ndivyo wanavyoimaliza oksijeni iliyoyeyuka majini. Mto wenye joto la nyuzi 25 hubeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni kwa lita, wakati maji ya korona hudai maelfu. Samaki wanakosa hewa. Tena mkonge una saponini, sumu inayodhuru matamvua yao.

Mkazi wa Masuguru au Hale, mkoani Tanga, akikutana na mtaro wa aina hiyo anaweza kuusoma kwa macho. Karibu na korona maji ni ya kijani, yana povu. Chini kidogo mawe huvaa utando wa kijivu unaoteleza. Hao ni bakteria walioshikana. Maji yakishageuka meusi na kunuka mayai viza, oksijeni imekwisha.

Kazi hiyohiyo ya vijidudu inafaa sana ikifanywa ndani ya tangi. Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani, ikisaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilijenga mtambo wa bayogesi wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge. Ndani ya tangi lisilo na hewa, kundi la kwanza la vijidudu hugeuza sukari kuwa asidi. Kundi la pili huigeuza asidi kuwa methani. La kwanza lina haraka, la pili ni pole. Tangi likilishwa kupita kiasi asidi hurundikana, pH ikashuka chini ya 6.5, na gesi hupungua. Ndiyo maana mimi humthamini mhudumu anayepima pH kila siku kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Lakini maji yanayotoka tangini bado ni machafu. Kanuni za Tanzania za ubora wa maji za 2007 zinataka mahitaji ya oksijeni yasizidi miligramu 30 kwa lita, yakipimwa kwa siku 5. Kufika hapo yanahitaji mabwawa mapana ya jua, ambamo mwani hutoa oksijeni mchana kutwa. Shamba lenye maelfu ya hekta za mkonge haliwezi kusema limekosa nafasi ya mabwawa hayo.