Nyumba Yako na Kodi Yake

Leo tutazungumza juu ya jambo linalomhusu kila mwenye nyumba, nalo ni kodi ya jengo. Hatutazungumza juu ya kulipa peke yake, kwa maana kila mtu ajua ya kuwa kodi hulipwa. Tutazungumza juu ya jambo ambalo wachache hulijua, yaani, mtu afanye nini akiona kwamba nyumba yake imehesabiwa vibaya.

Na tuchukue mfano. Huko Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo katika Ufipa, tuseme yuko bibi mmoja mjane mwenye umri wa miaka 71. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, nayo haina ghorofa. Mwanawe anakaa pamoja naye katika vyumba vya nyuma, naye aliweka mita yake ya umeme ili asigombane na mama yake juu ya matumizi. Basi nyumba ni moja, lakini mita ni mbili. Kila mwezi mita ya mbele hukatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo, na mita ya nyuma hukatwa shilingi 1,500 nyingine. Kwa mwaka ni shilingi 36,000. Tena bibi huyu, kwa umri wake, na kwa kuwa nyumba ni yake na anakaa humo mwenyewe, hakupaswa kukatwa hata senti moja.

Je, nani aliyemdhulumu? Hapana mtu. Mita hukata kama ilivyoagizwa. Haina macho ya kumwona bibi, wala haiwezi kujua kwamba vyumba vya mbele na vya nyuma vina paa moja. Mwenye kujua ni bibi mwenyewe, naye amenyamaza. Hilo ndilo neno letu la leo.

KODI YA NYUMBA ILIVYOANZA

Kodi juu ya nyumba si jambo jipya katika nchi yetu. Serikali ya Kijerumani iliianzisha mwaka 1898, ikataka rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba ya kijijini. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye fedha ndiyo iliyotakiwa. Kwa watu wa upande wa Matai, boma la Wajerumani lilikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, nao waliliita Bismarckburg. Barabara itokayo Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga hupita Matai mpaka leo.

Waingereza walipotawala, sheria ya mwaka 1922 iliweka kodi ya nyumba pamoja na kodi ya kichwa. Mwenye nyumba alilipa kwa ajili ya nyumba, na mwanamume mzima asiye na nyumba alilipa kwa ajili ya kichwa chake. Vijana wengi wa Ufipa walisafiri mbali, hata mpaka mashamba ya mkonge ya pwani, ili kuitafuta fedha hiyo.

Kodi zile zilifutwa zamani, na wengi waliozilipa walizilipa kwa uchungu. Lakini liko jambo moja la kukumbuka. Mhesabu wa siku zile alikuja kwa miguu, akaiona nyumba kwa macho yake. Mwenye nyumba aliweza kusimama mlangoni na kusema, “Hili ni ghala la ulezi, si nyumba ya kulala mtu.” Pengine neno lake lilisikilizwa, pengine halikusikilizwa, lakini lilisemwa palepale. Leo mhesabu haji mlangoni. Kwa hiyo yapasa mwenye nyumba ndiye amfuate.

KODI ILIVYOPANGWA

Kodi ya jengo katika Tanzania hutozwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Kodi ya Majengo, Sura ya 289. Zamani halmashauri ndizo zilizoikusanya. Mwaka 2016 kazi hiyo ilipewa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Katika mwaka wa fedha 2018/19 nyumba ya kawaida iliwekewa shilingi 10,000 kwa mwaka, iwe kubwa au ndogo. Kisha, tangu tarehe 20 Agosti 2021, kodi ikaanza kukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango vilipandishwa, vikawa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 90,000 kwa kila ghorofa; yaani shilingi 1,500 na shilingi 7,500 kwa mwezi.

Hapo utaona ya kuwa nyumba zimegawanywa katika madaraja mawili tu, na tofauti yake ni kubwa. Nyumba ya chini ikiandikwa kwa makosa kuwa ni ya ghorofa, mwenyewe atakatwa shilingi 6,000 zaidi kila mwezi, nazo ni shilingi 72,000 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo haba na haba huweza kukimaliza.

MAKOSA MANNE YA KUANGALIA

Kosa la kwanza ni hilo la daraja, nyumba ya kawaida kuhesabiwa kuwa ya ghorofa.

Kosa la pili ni nyumba moja kukatwa katika mita mbili au tatu. Kodi ni ya jengo, si ya mita. Palipo na mita nyingi katika nyumba moja, kodi hukatwa katika mita moja tu, na mwenye nyumba hana budi kuitaja.

Kosa la tatu ni kumtoza mtu aliyesamehewa. Mtu aliyefikisha miaka 60 husamehewa kodi kwa nyumba yake moja anayokaa mwenyewe. Vivyo hivyo mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Lakini nyumba aliyoipangisha ili apate fedha haimo katika msamaha huo.

Kosa la nne ni kuitoza nyumba isiyotozwa. Nyumba za udongo na za kuezekwa kwa nyasi, wanamokaa watu, hazimo katika kodi hii. Mtu akiijenga upya kwa matofali na bati, hapo hali imebadilika, naye asishangae kodi ikija.

Liko na shauri la mpangaji. Yeye ndiye anunuaye umeme, kwa hiyo hukatwa kodi isiyo yake, kwa maana kodi hii ni ya mwenye nyumba. Hili si kosa la hesabu. Dawa yake ni mapatano: mpangaji atunze stakabadhi zake, na mwenye nyumba ampunguzie kiasi hicho katika kodi ya pango. Yafaa mapatano hayo yaandikwe, maana maneno matupu husahauliwa.

KABLA YA KULALAMIKA

Kwanza soma stakabadhi yako ya umeme. Humo utaona bei ya umeme, kodi ya ongezeko la thamani, tozo za EWURA na REA, na fungu la kodi ya jengo. Mafungu haya ni mbalimbali, wala usiyachanganye. Wengi hulalamika juu ya kodi ya jengo, kumbe walichokiona ni fungu jingine.

Jua tena kwamba kodi hujilimbikiza. Mtu asiponunua umeme kwa miezi mitatu, siku atakaponunua atakatwa shilingi 4,500 kwa mara moja. Hilo ni deni la miezi mitatu, si kosa.

Kisha jiulize kwa haki: nyumba yangu ni ya namna gani? Katika Uingereza, ambako kodi ya nyumba ya halmashauri ilianza mwaka 1993, nyumba za England zimewekwa katika madaraja manane kwa kufuata thamani yake ya mwaka 1991. Mtu akiona daraja lake ni la juu mno, ana haki ya kuomba litazamwe upya. Lakini huonywa mapema ya kwamba wakaguzi wakitazama upya, daraja laweza kushuka, laweza kubaki, na laweza hata kupanda. Onyo hilo lafaa hata kwetu. Ukisema mita ya pili imo katika nyumba ileile, nayo ikaonekana kwamba iko katika nyumba nyingine uliyoijenga uani, utakuwa umejishitaki mwenyewe. Sema kweli tupu. Kweli ndiyo yenye nguvu.

NJIA YA KUFUATA

Usigombane na mwenye duka anayeuza umeme, wala na fundi wa shirika la umeme. Wao hawapangi kodi. Mwenye shauri hili ni Mamlaka ya Mapato, na kwa watu wa Matai ofisi yake ya mkoa iko Sumbawanga.

Kusanya vitu hivi kabla hujapanda gari: namba za mita zote zilizomo katika nyumba, stakabadhi za umeme za miezi kadha, kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, kama sababu yako ni umri, hati ya kiwanja, au kama huna hati, barua ya mtendaji wa kijiji au wa kata ya kuthibitisha kwamba nyumba ni yako na unakaa humo. Ukiweza, chukua na picha ya nyumba nzima, ionekane paa na milango yake. Safari ya kwenda na kurudi hugharimu nauli na siku ya kazi, basi heri kuchelewa nyumbani siku moja ukitafuta barua kuliko kusafiri mara mbili.

Andika barua fupi. Taja jina lako, mahali nyumba ilipo, na namba ya mita. Sema kosa ni lipi na lilianza lini. Sema unaomba nini: mita fulani iondolewe, au daraja lirekebishwe, au msamaha uandikwe, na fedha iliyozidi irudishwe au ihesabiwe katika kodi ijayo. Fanya nakala, na uombe nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

JAWABU LISIPOKURIDHISHA

Makosa mengi ya namna hii humalizika ofisini. Lakini ofisi ikikata shauri nawe ukaona halikuwa la haki, sheria imeacha mlango wazi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, mtu asiyeridhika na uamuzi wa kodi aweza kupeleka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, katika muda wa siku 30 tangu kupata uamuzi huo, akieleza sababu zake. Sheria hiyo ilitaka mwenye pingamizi alipe kwanza kiasi asichokibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Kwa kodi ya shilingi 18,000, theluthi ni shilingi 6,000.

Baada ya Kamishna Mkuu iko Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Ni nadra shauri la nyumba moja ya kijijini kufika huko. Hata hivyo yafaa mtu ajue kwamba ngazi ipo, na kwamba kila kipandio kina siku zake. Mtu mwenye haki aliyechelewa aweza kushindwa na kalenda tu.

MWISHO

Watu wengine hudhani kwamba kuomba hesabu isahihishwe ni sawa na kukataa kodi. Sivyo hata kidogo. Akataaye kodi asema, “Sitaki kulipa.” Aombaye masahihisho asema, “Nitalipa kilicho haki yangu kulipa.” Wa kwanza huvunja sheria, wa pili huitumia. Wala msamaha wa mzee si sadaka ya mtu yeyote, hata aone haya kuuomba. Umeandikwa katika sheria.

Na turudi kwa bibi yetu wa Matai. Hana nguvu ya kusafiri, na pengine macho yake hayawezi tena kusoma stakabadhi. Hapo ndipo penye kazi ya mwanawe, na ya mjukuu wake anayesoma shule. Ninyi wanafunzi mnaosoma kijitabu hiki, fanyeni jambo moja jioni hii. Mwombeni babu au bibi yenu stakabadhi ya umeme, mmsomee fungu kwa fungu, kisha mmwulize umri wake na namba za mita zilizomo nyumbani. Mkiona kosa, chukueni kalamu na karatasi, mwandike barua kwa jina lake, naye aitie sahihi au dole gumba. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, na faida yake yaweza kuwa shilingi 36,000 kila mwaka katika nyumba ambayo kila shilingi ina kazi yake.