Nani Anamjua Mwenye Nyumba?

Ukitafuta chumba Mabawa, Tanga, mwenye nyumba atakuuliza kazi yako, idadi ya watoto na ulikohama. Ukimaliza kujibu utaambiwa kodi ni ya miezi sita, taslimu, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Usaili umeisha; wewe hukupewa zamu ya kuuliza.

Sheria haikukunyima zamu hiyo. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, yeyote anayelipa ada anaweza kupekua daftari la Msajili wa Hati, mradi awe na namba ya kiwanja na kitalu. Ataliona jina la mmiliki, na rehani ya benki kama ipo. Si jambo dogo: nyumba ikipigwa mnada, kodi uliyoitanguliza haimhusu mnunuzi sana. Lakini nyumba ya urithi, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, huenda bado imeandikwa jina la babu, kama ina hati. Daftari litakwambia mwenye nyumba ni marehemu. Anayegonga mlango kudai kodi yu hai kabisa.

Tena hati haisemi tabia. London, tangu 2017, ofisi ya Meya huanika majina ya wenye nyumba waliotiwa hatiani. Kwetu sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, pamoja na mabaraza yake, ilifutwa 2005. Siku hizi mgogoro huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ukifika Mahakama Kuu kwa rufaa, hukumu yaweza kusomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII kwa jina la mdaiwa. Tatizo ni kwamba mpangaji wa chumba kimoja hakati rufaa. Anakodi mkokoteni.

Kwa hiyo kukosa jina huko si cheti cha uungwana. Swali lenye manufaa zaidi liko kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na anayenunua umeme ni mpangaji: analipa kodi ya mwenye nyumba, kisha analipa kodi kwa mwenye nyumba. Waulize waliomo kama hurudishiwa.

Na kabla hujahesabu noti, mwombe dalali namba ya kiwanja. Akisema haijui, mwombe ya simu ya mpangaji aliyehama.