Nguvu ya Kadi ni Mpangilio

Wengi wakiona vijana wameinamia karata husema, "Hao wanacheza kamari!" Hapa kwetu Githurai 45 mchezo wenyewe tunauita kadi, wengine huuita poka, lakini hauna pesa ndani. Anayeshindwa huenda kuteka maji, basi.

Kila mchezaji hupewa kadi 4, na anayezimaliza kwanza ndiye mshindi. Kadi hufuatana kwa namba au kwa aina: kopa, uru, pau na shupaza, majina tuliyoachiwa na Wareno waliotawala pwani yetu karne ya 16 na ya 17. Zipo kadi zenye uwezo. 2 humwokotesha anayefuata kadi mbili, 3 humwokotesha tatu, na Jokeri humwokotesha tano. A huzuia adhabu hiyo, au hukuruhusu kuitisha aina unayotaka. J humruka jirani, K hurudisha zamu nyuma, nazo 8 na Q ni maswali: ukiuliza bila kujibu, unaokota. Majibu ni 4, 5, 6, 7, 9 na 10.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Huruhusiwi kumaliza kwa kadi yenye uwezo, sharti umalize kwa jibu, na zamu moja kabla utangaze, "Niko kadi!" Kwa hivyo anayelimbikiza 2 na 3 tupu mkononi amejifunga mwenyewe.

Hebu tazama mfano huu. Mmebaki wawili. Jirani ana kadi moja na ashasema, "Niko kadi." Mezani kuna 9 ya kopa, nawe una 2, Q na 6, zote za kopa. Ukitanguliza Q na 6 pamoja, swali na jibu lake, unabaki na 2 isiyoweza kumaliza. Jirani akiwa na kopa au 6, kwisha wewe! Lakini anza na 2, useme, "Niko kadi." Jirani hana kinga, kwa maana kadi yake ya mwisho lazima iwe jibu, si A. Ataokota mbili, zamu irudi kwako, uweke Q kisha 6. Mchezo umeisha.

Kadi ni zile zile tatu; kilichobadilika ni mpangilio tu.

Sheria hutofautiana kutoka ploti hadi ploti, kwa hivyo kubalianeni kabla ya kugawa, msije mkagombana. Na anayewaita wacheza kamari, mkaribisheni aketi. Labda atateka maji yeye!